Nyumba ya mapumziko kwa zamu: ununue au ukodi? Maswali ninayoulizwa Mtwara na Lindi

Kila korosho zikishapigwa mnada na wakulima wakaanza kulipwa, simu yangu haitulii. Anapiga mwalimu mstaafu wa Masasi, anapiga nesi wa Nachingwea, anapiga kijana aliyeko Oman anayetaka kuwafurahisha wazazi. Wote wameonyeshwa picha ya nyumba ya ufukweni na kuambiwa wanaweza kuwa na "wiki yao" humo kila mwaka.

Mimi nasimamia nyumba za watu walio mbali, Shangani ya Mtwara na Mikindani. Napokea wageni, nalipa mlinzi, naita fundi, napeleka hesabu kwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo nilikaa mapokezi ya hoteli miaka kumi na moja. Kwa hiyo nina maslahi upande wa kukodisha, na ni haki yako kulijua hilo kabla hujasoma jibu lolote hapa chini. Hesabu nimeziweka wazi ili uzipige mwenyewe.

Hii "taimushea" ni kitu gani hasa?

Ni kugawana nyumba moja kwa kalenda. Badala ya kugawana vyumba, watu wanagawana wiki. Mwaka una wiki 52. Kwa kawaida moja huachwa kwa matengenezo, zilizobaki 51 huuzwa kwa watu mbalimbali, na kila mnunuzi anakuja zamu yake ikifika. Wauzaji wanasema taimushea. Mimi nitasema zamu, maana ndicho kitu chenyewe, kama zamu ya bombani: ikifika ni yako, ikipita imepita.

Utaratibu huu ulianza Ulaya miaka ya 1960, ukashika kasi Marekani muongo uliofuata. Huko ndiko yalikoanzishwa makampuni ya kubadilishana zamu, RCI mwaka 1974 na Interval International mwaka 1976, ili mwenye wiki ya Florida aweze kuitoa na kupata wiki ya mahali pengine.

Utakutana na sura tatu. Kuna wiki maalumu, tuseme wiki ya 27, ileile kila mwaka. Kuna wiki inayoelea: una haki ya wiki moja ndani ya msimu fulani, ila lazima uwahi kuomba, na ukichelewa nzuri zimeshachukuliwa. Halafu kuna pointi. Hapo hununui wiki wala nyumba, unanunua alama kwenye klabu, na klabu ndiyo inayoamua alama ngapi zinatosha chumba gani mwezi gani. Pointi ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu anayepanga thamani ya alama ni huyohuyo aliyekuuzia.

Nikilipia zamu, si nitakuwa nimemiliki nyumba?

Mara nyingi hapana. Usisome picha za mkataba, soma jambo moja kwanza: umepewa hati, au umepewa haki ya kutumia?

Marekani zipo zamu za hati, ambapo jina la mnunuzi linaingia kwenye kumbukumbu za ardhi, na zipo za haki ya kutumia kwa miaka kadhaa, ikiisha basi. Kwetu msingi ni mwingine. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuikalia na kuitumia, kwa hati ya muda usiozidi miaka 99 au kwa hakimiliki ya kimila huko kijijini. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inaruhusu jengo moja kuwa na wenye hati wengi, lakini kila mmoja ana sehemu yenye kuta na mlango. Sehemu ya mwaka haina kuta.

Kwa hiyo ukiuziwa "wiki ya pili ya Julai" katika nyumba ya Msimbati au Kilwa Masoko, ulichonacho ni ahadi ya mtu, iliyoandikwa. Ahadi inaweza kuwa nzuri, na inaweza kudaiwa mahakamani. Lakini mwenye hati akiiweka nyumba rehani benki na akashindwa kulipa, benki itaiuza, na wewe utabaki na karatasi ya kumdai mtu ambaye tayari hana kitu. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza muuzaji si bei. Muulize hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, kisha nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi mwenyewe. Kama muuzaji ni kampuni, itazame pia BRELA, wanakosajili makampuni.

Kwa nini nilipe ada kila mwaka wakati nimeshanunua?

Kwa sababu nyumba ya pwani inaliwa kila siku. Watu wa bara hawalijui hili mpaka walione. Chumvi ya bahari inatoboa mabati, inatia kutu bawaba za milango, inaua kiyoyozi kabla ya wakati wake. Paa la makuti linataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi asiyejua akizipiga plasta ya saruji, unyevu unanaswa ukutani na rangi inabambuka baada ya mvua moja. Kuna mchwa. Kuna pampu ya maji. Kuna mlinzi ambaye hata nyumba ikiwa tupu mwezi mzima lazima ale.

Ada yenyewe basi ni halali kabisa, na nyumba isiyotoza ada ninaiogopa kuliko inayotoza. Shida iko kwenye masharti. Tazama nani ana mamlaka ya kuipandisha na kama kuna kikomo. Tazama kama wanaweza kukudai mchango wa dharura, tuseme paa likiezuliwa. Tazama kinachotokea ukikosa kulipa mwaka mmoja: unapoteza wiki ya mwaka huo, au unapoteza kila kitu? Na jua kwamba ada inalipwa hata mwaka ambao hukukanyaga.

Nipigie hesabu, dada. Kununua na kukodi, kipi rahisi?

Haya. Huu ni mfano wa kupigia hesabu, si bei ya nyumba yoyote ninayoijua. Tuseme wiki inauzwa shilingi 12,000,000 kwa miaka 15, na ada ni 600,000 kwa mwaka, ikipanda asilimia 5 kila mwaka. Ada za miaka 15 ukizijumlisha zinafika kama 12,950,000. Yaani ada peke yake imeipita bei ya kununulia. Jumla ni karibu milioni 25, na kila wiki utakayolala pale imekugharimu kama 1,660,000.

Sasa kodi. Nyumba ya hadhi hiyohiyo kwa 120,000 kwa usiku, siku saba ni 840,000. Nayo ipandishe asilimia 5 kila mwaka, tusimpendelee mtu. Ukienda kila mwaka bila kukosa, baada ya miaka 15 umelipa kama milioni 18.1.

Na nani anakwenda kila mwaka bila kukosa? Mwaka huu kuna msiba Newala, mwaka ujao mtoto anaingia unyago, mwaka unaofuata korosho zimepata ugonjwa wa ubwiriunga na hela hakuna. Ukienda miaka tisa kati ya kumi na tano, kodi yako inashuka mpaka kama milioni 11. Ada haijui kama ulikuja au hukuja.

Bado hatujazungumzia zile milioni 12 zilizoondoka siku ya kwanza. Ukiziweka mahali panapokupa asilimia 8 kwa mwaka, zinakuletea 960,000. Kodi ya wiki ya mwaka wa kwanza ilikuwa 840,000. Unalala ufukweni kwa faida, na mtaji bado uko mkononi mwako. Asiyetaka riba ana mikorosho ya kuongeza, ana chumba cha kupangisha pale nyumbani. Kinachohesabiwa ni kwamba hela ile ingefanya kazi mahali.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwa naipiga mbele ya muuzaji, kwa heshima tu. Milioni 12 mara wiki 51 ni milioni 612. Mwangalie muuzaji, iangalie nyumba, ujiulize kama inafika. Halafu ada: 600,000 mara 51 ni milioni 30.6 kwa mwaka. Omba uonyeshwe matumizi ya mwaka uliopita ya hizo milioni thelathini. Mwenye nyumba mwaminifu ana daftari. Mimi ninalo, na mwenye nyumba wangu akiniomba hata usiku namtumia.

Mbona waliniambia ni uwekezaji, nitaiuza kwa faida?

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alistaafu ualimu mkuu. Alipigiwa simu kwamba ameshinda mapumziko ya siku tatu, aende na mkewe hoteli moja Dar es Salaam kuchukua zawadi. Walikaa kwenye kikao zaidi ya saa nne, soda zinakuja, picha za bahari za nchi za watu zinapita ukutani, na kila alipotaka kuinuka alikuja bosi mwingine na punguzo jipya "la leo tu". Alisaini pointi za klabu ya nje, akalipa sehemu kubwa kutoka kwenye mafao yake ya mkupuo. Ada ilikuwa kwa dola. Katika miaka tisa alizitumia pointi zile mara mbili. Mara ya tatu alinyimwa viza, na pointi za mwaka ule zikaisha muda wake.

Alipotaka kuuza, hakuna aliyetaka. Baada ya muda akapigiwa na mtu mwenye sauti nzuri: mnunuzi amepatikana, tuma tu gharama za kuhamisha jina. Akatuma. Mnunuzi hakuwepo. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu wakati anasaini mimi nilikuwa mapokezi, nikiona vikao vya namna ile vikifanyika kwenye kumbi za hoteli, na sikuwahi kumwambia.

Soko la zamu za mkono wa pili ni baya hata huko zilikokomaa. Marekani watu hutangaza zamu zao kwenye eBay kwa dola moja, wakitafuta tu mtu wa kuwapokea mzigo wa ada. Kitu kinachouzwa na mwenyewe kwa dola moja si uwekezaji. Akikuambia ni uwekezaji, mwombe aandike kwenye mkataba kwamba atainunua tena kwako baada ya miaka mitano kwa bei ileile. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

Nimepigiwa simu nimeshinda likizo ya bure. Niende?

Kama hukucheza, hukushinda. Ukienda, acha nyumbani kadi ya benki na kitambulisho, na sema mlangoni kwamba hutasaini kitu siku hiyo. Uone kama zawadi bado ipo.

Mkataba wangu ni wa dola. Kuna ubaya?

Kama nyumba iko hapa nchini, ndiyo. Tangu 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekutoza dola kwa wiki ya Lindi anza kumtilia shaka. Kama nyumba iko nje, dola, yuro au randi si kosa, lakini wewe unalipwa shilingi. Kila shilingi inapoteleza, ada yako inapanda bila mtu kuipandisha.

Sisi tunasherehekea Eid pamoja kila mwaka. Si bora tuwe na wiki yetu?

Swali hili lilinifurahisha, maana linajijibu. Wiki maalumu inafuata kalenda ya Januari mpaka Desemba. Eid inafuata mwezi, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja. Eid el-Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10. Ya mwaka uliofuata ilishaingia Machi. Ukinunua wiki ya Eid ya mwaka huu, mwaka ujao umeikosa, na mpaka izunguke irudi hapo ni zaidi ya miaka thelathini. Familia inayofuata Eid ikodi, tena iwahi, miezi mitatu kabla, kwa sababu Mikindani hujaa siku hizo.

Hata shughuli zetu nyingine hazikai vizuri kwenye wiki maalumu. Likizo za shule ni Juni na Desemba, na ndipo jando na unyago vinapofanyika. Desemba ileile ndiyo mtu anahangaikia malipo ya korosho na kuandaa shamba kwa mvua. Usinunue kalenda ya mtu wa Ulaya mwenye likizo ya Agosti ukaivika maisha ya mtu wa Tandahimba.

Tuko ndugu wanne. Tukinunua nyumba pamoja tukapeana zamu wenyewe, hiyo nayo ni mbaya?

Hapana. Hii kwangu ndiyo namna ya kununua inayoeleweka, kwa sababu mnamiliki nyumba yenyewe, na anayepanga ada ni ninyi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua watu kadhaa kumiliki kwa pamoja, kila mmoja na fungu lake. Lakini nimesimamia nyumba ya ndugu wanne, na nimeona udugu ukitikiswa na friji.

Ilikuwa hivi. Kaka mkubwa alikuwa akileta wageni wake wiki isiyo yake bila kumwambia mtu. Mdogo wake akafika na watoto usiku kutoka Dar, akakuta nyumba imejaa, friji imezimwa na samaki wameoza ndani. Hawakugombana siku ile. Walinyamaziana miaka miwili, ambayo ni mbaya zaidi, na wakati huo paa lilikuwa linavuja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa hela. Waliokolewa na shangazi yao, aliyewaita wote Lindi, akawakalisha chini, wakaandika.

Andikeni kabla ya kununua. Hati iwe na majina yenu yote. Kuweka jina la mkubwa peke yake "kwa heshima" ni kuwaandalia watoto wenu kesi. Mkiwa wengi, kama kikundi cha watumishi au kikoba, mnaweza kuwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa mambo ya udhamini, au kampuni yenye hisa. Kalenda izunguke: aliyepata Eid mwaka huu anakuwa wa mwisho kuchagua mwaka ujao. Ada ikusanywe kwenye akaunti ya sahihi mbili, siyo kwenye simu ya mtu. Semeni mapema nini kinampata asiyelipa. Ninalopendekeza mimi ni kwamba wiki yake inakodishwa na kodi inalipa deni, hapati aibu na nyumba haikosi mlinzi. Semeni anayetaka kutoka anamuuzia nani kwanza na bei inapangwa na nani. Na siku ya kuuza fungu, mke au mume wa anayeuza asaini kwamba ameridhia.

Kama mojawapo ya majina ni la ndugu aliyechukua uraia wa nchi nyingine, muoneni wakili kwanza. Kwa muda mrefu Sheria ya Ardhi haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji; muulizeni inasemaje sasa.

Nimeonyeshwa kiwanja cha ufukweni kabisa, maji yanagusa miguu. Nichukue?

Hesabu hatua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Picha nzuri kuliko zote, ile ya baraza lililo juu ya maji, mara nyingi ndiyo ya nyumba inayoweza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa. Kununua zamu humo ni kununua mgogoro wa mtu.

Kama ni kijijini, sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo omba kuona muhtasari wa mkutano. Na ukifika Msimbati, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Zungumza na ofisi ya hifadhi kabla ya kumpa mtu hata senti.

Barabara ikikatika wiki yangu, nani anabeba hasara?

Wewe, kama mkataba haukusema vingine. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, magari yakalala njiani. Nilikuwa na wageni watatu waliokuwa wamelipia. Kwa kodi tulihamisha tarehe, yakaisha. Mwenye wiki maalumu angeambiwa pole. Kwa hiyo tafuta kifungu cha majanga kwenye mkataba. Kikisema "muda hautafidiwa", kata bei au kata safari.

Basi hakuna anayefaa kununua zamu?

Yupo. Ni mtu anayekwenda mahali palepale, majira yaleyale, na ameshafanya hivyo kwa miaka kadhaa kwa kukodi, si kwa kukusudia tu. Nyumba anaijua, jirani anawajua, hati ameiona. Huyo anunue, na anunue ya mkono wa pili. Rudi kwenye mfano wetu: zamu ileile ukiipata kwa milioni 2 badala ya 12, jumla ya miaka 15 inakuwa kama milioni 15, chini ya kodi ya milioni 18.1. Lakini hapo lazima uende angalau miaka kumi na tatu kati ya kumi na tano ndipo faida ionekane.

Kwa wengine wote nasema kodi miaka mitatu kwanza. Mwaka mmoja lala Mikindani, ukae karibu na lile Boma la Wajerumani la 1895 ambalo sasa ni hoteli, watoto waone mji wa kale. Mwaka mwingine nenda Kilwa Masoko, mvuke kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Mwaka wa tatu Msimbati. Watu wangapi wana uzuri wa namna hii ndani ya mikoa miwili? Kwa nini ujifunge kwenye chumba kimoja?

Nikikodi, nitajuaje sitatapeliwa?

Utapeli upo kwenye kodi pia, sitakuficha. Mtu anachukua picha za nyumba ya mwenzake, anapokea kishika uchumba, anazima simu.

Mwambie anayekukodisha apige simu ya video akitembea kutoka getini mpaka bafuni, afungue bomba, awashe taa. Asiye kwenye nyumba hawezi. Jina linalotokea unapotuma hela lifanane na jina la kwenye makubaliano, au lipa kwa lipa namba ya biashara. Kishika uchumba kisizidi theluthi. Salio unalipa ukiwa umesimama sebuleni. Una ndugu Mtwara? Mtume apite. Kama huna, mpigie mwenyekiti wa mtaa, wenyeviti wetu wanazijua nyumba zote.

Uliza mambo madogo ambayo ndiyo yanayoharibu likizo. LUKU ni juu ya nani? Simtanki ina lita ngapi, na maji ya mtaa yanatoka siku zipi? Umeme ukikatika kuna jenereta? Neti zina matundu? Mpishi yupo, au mnapika wenyewe, na mkaa au gesi? Niliwahi kupokea familia ya watu kumi na mmoja kwenye nyumba ya watu sita kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulilaza watoto kwenye mikeka barazani, wakafurahi kuliko wakubwa, lakini bibi yao hakulala.

Mwezi gani mzuri?

Kwangu mimi Septemba na Oktoba. Mvua za msimu bado, kusi limepungua, bahari inaonyesha chini. Juni mpaka Agosti ni kukavu ila upepo unavuma na mashuani utalowa. Kuanzia Desemba mpaka Aprili kuna mvua, na ndipo unapoweza kuomba bei ishuke.

Nikifa, watoto wangu watarithi zamu?

Watarithi kilichoandikwa, pamoja na ada yake. Mikataba mingine ya nje iliandikwa isiyo na mwisho. Hispania ilibidi sheria ya 1998 iweke kikomo cha miaka 50. Soma kama mkataba wako una tarehe ya kuisha na kama watoto wanaruhusiwa kukataa. Sisi tunajua deni la marehemu linalipwa kabla mirathi haijagawanywa. Ada zilizolimbikizwa ni deni. Waambie wanao leo kwamba zamu ipo, na karatasi zimo kwenye sanduku gani, wasije wakashtukizwa na barua siku ya arubaini.

Nimeshasaini, wiki iliyopita. Nimechelewa?

Huenda bado. Toa mkataba usiku huu utafute kifungu cha kughairi. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea malipo ndani ya siku hizo. Florida ni siku 10. Afrika Kusini, ukiuziwa kwa kufuatwa na muuzaji, si kwa kwenda mwenyewe, ni siku tano za kazi. Kama mkataba wako unatawaliwa na sheria za mojawapo ya nchi hizo, siku zinahesabika sasa hivi. Kama ni wa hapa, fuata kilichoandikwa, na usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "haiwezekani".

Andika barua fupi: jina lako, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, na sentensi moja kwamba unaghairi na unataka fedha zako. Itume kwa namna inayoacha ushahidi: baruapepe, na nakala ya karatasi kwa EMS ya posta au kwa mkono, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Usipige simu, simu utashawishiwa. Usilipe awamu inayofuata kabla hujapata ushauri wa wakili. Kama ulidanganywa, kama alivyoambiwa mjomba wangu kwamba ni uwekezaji, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji pia. Na anayekupigia kesho kusema atakusaidia kujitoa kwa malipo ya mbele, mkatie simu. Njoo na karatasi zako Shangani, tuzisome wote, sitozi kitu.